Kazi ya mwalimu hupimwa kwa kitu gani?

Kila mwaka, zinapotangazwa habari za mitihani, tunasikia maneno yale yale katika parokia zetu. Shule hii ni nzuri, wengi wamefaulu. Shule ile haina kitu, wengi wameanguka. Mwalimu huyu apewe sifa, yule ahamishwe. Wazazi wanasema hivyo, na walimu wenyewe wanasemana hivyo. Tumezoea kuupima mti kwa matunda yake, na si vibaya, kwa sababu kipimo hicho tulipewa na Bwana wetu. Lakini mtoto si embe. Embe likisha iva, neno limekwisha. Unalichuma na kulila. Mtoto aliyefaulu leo aweza kupotea kesho, na yule aliyerudi nyumbani akilia kwa sababu ya mtihani aweza kuwa baba mwema wa watu kumi na mzee wa kanisa. Basi, tukitaka kujua kama mwalimu amefanya kazi njema, tutazame nini?

Nataka kulichungua swali hili katika maisha ya mtu mmoja. Nimemchagua kwa kusudi mtu ambaye matunda yake yalionekana kwa macho, yakapimwa kwa saa, yakaandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Kama yupo mwalimu ambaye tungeweza kumpima kwa ushindi tu, ni huyo. Tuone basi kama hata yeye anapimika hivyo.

Iten ni mji mdogo wa Kenya, upande wa magharibi, katika jimbo la Eldoret. Uko juu, mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na mahali pake ni ukingoni kabisa: ukitoka mjini hatua chache unaona nchi imekatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa linalala bonde la Kerio lenye joto. Watu wake ni wakulima na wafugaji. Asubuhi kuna baridi, njia ni za udongo mwekundu, na watoto wamezoea kwenda shuleni kwa miguu. Hapo ndipo ilipo shule ya wavulana ya St. Patrick's, iliyokuwa mikononi mwa Mabruda wa Mtakatifu Patrisi. Shirika hilo la watawa lilianzishwa mwaka 1808 huko Tullow, Ireland, na Askofu Daniel Delany, ili kuwafundisha watoto wa nchi ile iliyokuwa maskini na yenye kuonewa.

Mwaka 1976 alifika Iten Bruda mmoja kijana, Colm O'Connell. (Sisi wa Kongo tungemwita Furere, Wakenya wanasema Bruda, nami nitafuata desturi yao.) Alikuja kufundisha jiografia, naye alidhani atakaa miezi michache, kisha arudi kwao. Habari za mbio alikuwa hazijui. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba amejifunza kazi ya kuwazoeza wakimbiaji. Shuleni alimkuta mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata nishani ya shaba ya mita 10,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo. Foster akamwomba mgeni amsaidie uwanjani. Baadaye Foster akaondoka, na Bruda wa jiografia akaachiwa vijana.

Hapa tuseme kweli, ili tusimpe mtu sifa za wengine. Shule ile ilikuwa na jina zamani. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 kule Munich mwaka 1972 na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, alikuwa amesoma hapo kabla Bruda Colm hajakanyaga Afrika. Damu ya wakimbiaji ilikuwepo, mlima ulikuwepo, njia zilikuwepo. Mwalimu hakuumba kitu. Alikuta.

Tena kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Mwaka ule wa 1976 Kenya haikukimbia Montreal. Nchi nyingi za Afrika zilijitoa, kwa sababu timu ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na watu wa Afrika ya Kusini wakati wa serikali ya ubaguzi, na New Zealand haikuzuiwa kuingia katika Michezo. Mwaka 1980 Kenya ilikosa tena, pamoja na Marekani na nchi nyingine zilizokataa kwenda Moscow. Kwa hiyo katika miaka yake ya kwanza huyu mwalimu alikuwa akiwaamsha vijana alfajiri kwa ajili ya mlango uliofungwa. Kijana aliyeingia shuleni mwaka 1976 alimaliza masomo yake yote na mlango bado umefungwa. Walikimbia kwa nini basi? Kwa shindano la wilaya, kwa jina la shule, kwa furaha ya miguu. Na mwalimu alikuwa papo hapo. Nadhani tukitaka kumpima tuanzie hapo, katika miaka isiyokuwa na tuzo, wala tusianzie katika miaka ya dhahabu.

Lakini kabla ya kuendelea, nasikia mtu mmoja akinung'unika. Anasema: Mtawa ameweka nadhiri kwa Mungu. Ameacha mke, mali na nchi yake. Je, ameacha yote hayo ili ashike saa mkononi na kuhesabu dakika za wavulana waliovaa kaptula? Kwa nini asisali? Kwa nini asifundishe katekisimu?

Swali hilo si la kijinga, nami sitalijibu kwa kucheka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliwaza, naye alifundisha kwamba mchezo una fadhila yake, maana roho iliyokazwa siku zote bila kulegezwa hukatika kama uta. Mtakatifu Yohane Bosko wa Torino hakuona uwanja kuwa adui wa kanisa. Aliwapata watoto wa barabarani kwa michezo kwanza, kisha kwa sala. Wana wake Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na mtu aliyepita katika shule zao anajua kwamba padri aliyepandisha kanzu ili apige mpira hakuacha kuwa padri. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorinto, watu waliopenda mashindano, alichukua mfano wa wakimbiaji uwanjani bila kuona haya. Hata Baba Mtakatifu Pio XII, mwaka 1945, vita ya Ulaya ilipokuwa imekwisha tu, aliwapokea wanamichezo wa Italia akawaeleza kwa heshima kubwa maana ya kazi yao.

Wala sisi wa Kongo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wazee wa Kinshasa wanamjua Tata Rafaeli, Padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, aliyefika mwaka 1917, akafungua shule, akajenga viwanja, akafa mwaka 1956. Uwanja mkubwa uliochukua jina lake ndio ule ambamo Muhammad Ali alimpiga George Foreman mwaka 1974. Wengi wanaujua uwanja kwa sababu ya ngumi za usiku ule mmoja, na wachache wanakumbuka miaka 39 ya yule padri. Ndivyo dunia ilivyo.

Basi, mchezo si uvivu, wala mtawa akiwa uwanjani hajatoroka nadhiri yake. Lakini hilo halitoshi. Mchezo ukiwa mwema, bado twaweza kuuharibu, kama vile chakula kizuri kinavyoharibika mikononi mwa mlafi. Shida inaanza pale ushindi unapokuja.

Nao ulikuja. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein, aliyesoma St. Patrick's, alishinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza kuishinda, na mwaka uliofuata akashinda ile ya Boston. Mwaka 1988 Peter Rono, kijana wa miaka 21, alipata dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul, mbele ya watu ambao majina yao yalitisha zaidi kuliko lake. Mwaka 1992 Matthew Birir alichukua dhahabu ya Barcelona katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, 1995, 1997 na 1999. Wote hao walitoka katika shule moja ya mji mdogo, ambayo mbele yake mbuzi wanavuka njia. Shuleni walianza desturi ya kupanda mti kwa ajili ya kila mwanafunzi aliyekuwa bingwa, na mti huo unawekwa kibao chenye jina lake. Wageni wakifika wanaonyeshwa miti.

Miti hiyo naipenda; lakini hunifanya niwaze. Shule ya bweni ina mamia ya vijana kila mwaka. Kwa miaka 30 au 40 wamepita maelfu. Miti ni michache, mtu aweza kuihesabu kabla chai haijapoa. Wale wengine wote wako wapi? Wamekuwa walimu, makarani, wakulima wa mahindi, polisi, madereva, pengine walevi. Kama kazi ya mwalimu yule ilikuwa kutengeneza mabingwa, basi kazi yake ilikuwa kama kazi ya chungio: kupepeta maelfu ili kupata kumi, na kuwatupa wengine kama makapi. Mtu aliyefanya kazi kama hiyo miaka 40, hata akipata nishani za dunia yote, hatungeweza kumwita mwalimu. Tungemwita mchimba dhahabu. Mchimba dhahabu haupendi mchanga.

Hapa ndipo hoja yangu inapokaza fundo. Mtoto aliumbwa kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya uzima wake mwenyewe. Hakuumbwa kwa ajili ya jina la shule, wala la kabila, wala la taifa, wala la mwalimu. Mtu akimtumia mtoto kama ngazi ya kupandia sifa amemkosea, hata kama ngazi hiyo imefika juu na mtoto mwenyewe akashangiliwa. Na ukitaka kujua kama mwalimu anawapenda watoto au anapenda ushindi, usimtazame siku ya bingwa. Siku hiyo kila mtu anapenda. Mtazame anavyomsemesha yule wa kumi na tisa, anayefika akihema, wakati wengine wamekwisha vaa viatu vyao na kwenda kula. Mchungaji wa Injili aliwaacha 99 akamtafuta mmoja, na yule mmoja hakuwa kondoo aliyeshinda mashindano, alikuwa aliyepotea.

Sasa, Bruda Colm alikuwa pia mkuu wa shule, na jambo hili wanaoandika habari za michezo hulitaja kwa mstari mmoja. Mimi naona lina uzito kuliko nishani nyingi. Mwalimu wa mbio huona miguu. Mkuu wa shule huona unga umepungua ghalani, ada haijalipwa, kuni zimelowa, mwalimu wa hesabu anataka kuondoka, mzazi amekuja na ugomvi, mtihani wa serikali uko mlangoni. Mtu aliyewahi kuongoza bweni anajua kwamba hakuna kazi yenye sifa kidogo kama hiyo. Hakuna mtu anayempandia mti mkuu wa shule kwa sababu maharagwe yalipikwa kwa wakati. Lakini bingwa bila maharagwe hakuna.

Tena kuongoza na kuzoeza wakimbiaji kwa wakati mmoja ni kuwa na mabwana wawili kifuani. Mwalimu wa mbio anasema, kijana huyu akilala zaidi na akikimbia zaidi atashinda. Mkuu wa shule anasema, kijana huyu ana mtihani wa historia. Kazi hizo zikiwa za watu wawili, watagombana, na mara nyingi mwenye miguu atamshinda mwenye daftari, kwa maana watu wanapiga makofi uwanjani, hawapigi makofi darasani. Zikiwa za mtu mmoja, ugomvi unakaa ndani ya dhamiri yake, na huko ndiko unakotakiwa ukae. Peter Rono alikwenda Marekani kusoma katika chuo cha Kikatoliki cha Mount St. Mary's; Mike Boit aliyemtangulia alifika hata uprofesa. Miguu huchoka mtu angali kijana, na baada ya hapo zinabaki siku nyingi za kuishi. Mwalimu asiyewaza siku hizo amemdanganya mwanafunzi.

Kuna neno lingine, nalo ni chungu kidogo. Ushindi ni wa nani? Wilson Kipketer alikwenda Denmark kwa masomo, akakaa huko, akakimbia chini ya bendera ya Denmark. Mwaka 1996 alikosa Olimpiki ya Atlanta kwa sababu mambo ya uraia wake yalikuwa bado hayajatimia. Mwaka 1997 alivunja rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1 na sekunde 41.11, na rekodi hiyo iliandikwa kwa jina la nchi ya watu weupe wa kaskazini. Wakenya wengi walisikitika. Walisema: tulimlea, wengine wakavuna. Nawaelewa. Lakini mwalimu angesemaje? Akisema naye kwamba ameibiwa, basi ameungama kwamba alikuwa akipanda shamba lake mwenyewe. Mzazi aliyemwoza binti yake haendi kila jioni kudai maji aliyoteka. Anayelea hulea kwa ajili ya kuachilia, nayo ni sadaka. Lakini tuliokuwa tukiimba sifa za sadaka kanisani tunashangaa tukiambiwa tuitoe.

Kwa miaka mingi kazi ile ya Iten ilikuwa ya wavulana. Mwaka 1989 Bruda Colm alianza kambi za mazoezi wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi. Tukumbuke wakati ule msichana wa kijijini akikimbia hadharani wengi walisema atakosa mume, na aliyekwisha olewa ndiye alikatazwa kabisa. Mmoja wa waliopita katika kambi hizo, Janeth Jepkosgei, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007 huko Osaka. Kwa wasichana mbio zilikuwa mlango: ada ya shule, safari, shamba lenye jina lao wenyewe. Nani atasema haikuwa kazi njema?

Lakini sasa nitasema jambo ambalo makala za sifa hazipendi kulisema. Mlango ule ulipofunguliwa hawakuingia watoto peke yao. Iliingia fedha. Mji mdogo ulianza kujaa wageni, kambi, mawakala, na wanaume wasio na kazi wanaomnyemelea msichana mwenye miguu myepesi, wakijiita walimu wake, kisha mume wake, kisha mwenye hati za shamba lake. Zikaingia dawa za kuongeza nguvu, hata mwezi wa Mei 2016 shirika la dunia linalopiga vita dawa hizo lilitangaza kwamba Kenya haitimizi sheria, na lawama hiyo haikuondolewa mpaka Agosti. Wakaingia watoto wadogo mno katika mashindano ya watu wazima. Lydia Cheromei, binti wa Baringo, ng'ambo ya bonde la Kerio, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mbio za nyika mwaka 1991 akiwa na miaka 13. Watu walishangilia, na wachache waliuliza kama ni vema mtoto wa miaka 13 kubebeshwa jambo kubwa hivyo. Na mwezi wa Oktoba 2021 Agnes Tirop, msichana wa miaka 25, aliyekuwa amepata nishani za shaba za dunia mwaka 2017 na 2019, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake, hapo hapo Iten. Mwezi mmoja kabla alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo.

Je, mwalimu aliyeanza jambo jema atajibu kwa mabaya yaliyolifuata? Bruda yule hakumdhuru Agnes Tirop, wala hakuwapa watu dawa. Lakini bila kazi ya watu kama yeye, Iten ingebaki mji wa mbuzi na mahindi, na wezi wa wasichana wasingekuwa na cha kuiba. Wako wanaosema: basi ingekuwa afadhali asingeanza.

Siwezi kukubali. Waalimu wetu wa maadili wametufundisha kutofautisha. Mtu akifanya tendo lililo jema lenyewe, akiwa na nia njema, na baya likaja kwa mlango mwingine, kwa hiari ya mtu mwingine mbaya, dhambi ni ya yule mwingine. Aliyechimba kisima si mwuaji wa aliyesukumwa kisimani. Mpaka hapo hoja ni nyepesi, na mwanasheria angefunga kitabu chake. Lakini Mkristu hafungi kitabu hapo. Aliyechimba kisima hana hatia, kweli. Hata hivyo akiona watu wanasukumwa, atajenga ukuta, atakaa karibu, atapiga kelele. Kutokuwa na hatia si ruhusa ya kwenda zako. Wakimbiaji wenyewe walilielewa: baada ya mazishi, marafiki wa Agnes walianzisha chama cha kuwasaidia wanawake wanaoteswa, wakakipa jina lake, Tirop's Angels, maana yake Malaika wa Tirop.

Hapo ndipo naona kipimo ninachokitafuta, nacho si kikubwa wala si cha ajabu. Ni kukaa. Wako walimu wenye akili kuliko huyu, na wazoezaji wenye elimu ya mwili wa binadamu iliyo juu sana, wanaofika mahali, wanachagua walio bora, wanawapeleka Ulaya, wanaondoka. Hawatajua kamwe nani alirudi akiwa na goti bovu, nani alinyang'anywa fedha, nani alianza kunywa. Waliona maua, hawakuona mwaka mzima. Bruda aliyekuja kwa miezi michache alipita miaka 40 akiwa Iten bado. Alipoacha kazi ya shule hakuhama mji. Katika mji mdogo huwezi kumkwepa mwanafunzi wako wa zamani. Utamkuta sokoni, utamkuta Misa ya pili, mwenye nishani na asiye na kitu. Akikuamkia kwa furaha au akigeuza uso, umepata jibu la mtihani wako wewe.

Na kukaa huzaa subira, ambayo anayepita njia hana. David Rudisha, kijana wa Kimaasai, hakuwa hata mwanafunzi wa St. Patrick's, alisoma Kimuron, shule nyingine ya Iten. Baba yake, Daniel Rudisha, alipata nishani ya fedha ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, huko Mexico mwaka 1968. Kijana alikuja katika kambi ya Bruda akiwa mwembamba, mrefu, mwenye haya. Mwaka 2008 alikosa Olimpiki kwa sababu ya maumivu. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Berlin, watu wote wakimtazamia, hakufika hata fainali. Kwa mwalimu mwenye haraka mambo yangekuwa yamekwisha: tafuta mwingine, wapo wengi. Walirudi Iten, wakaanza tena, zile njia nyekundu, yale mazoezi ya polepole ambayo wageni huyaona ya kitoto. Mwezi wa Agosti 2010, kwa siku saba, Rudisha alivunja rekodi ya dunia mara mbili, Berlin kwanza, kisha Rieti, Italia. Rekodi ile ya kwanza aliyoivunja ilikuwa ya Wilson Kipketer.

Kisha ikaja London, Agosti 2012. Rudisha alitangulia mbele tangu mwanzo, hakumfuata mtu, akamaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia, naye akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 41 baada ya dakika moja. Uwanja ulijaa watu 80,000. Mwalimu wake hakuwemo. Alikuwa nyumbani kwake Iten, akitazama televisheni pamoja na majirani na vijana waliojibanza chumbani, na kesho yake asubuhi kulikuwa na watoto wengine wa kuwaamsha.